Waliotuua Hawakuwa Wazimu

Vijana wenzetu wa Bunia, wa Nyankunde, wa Marabo na Komanda, na ninyi wote munaosoma hapa kwenye simu,

Kila mara mgonjwa wa akili anapopiga mtu sokoni Bunia, mambo yanafuatana vilevile. Asubuhi video inaanza kuzunguka WhatsApp. Mchana kila mtu ameiona. Jioni mapendekezo yanaanza: "Leta ibaondoshe mu muji." "Bajenge hopitali ya mbali, bazungushe ukuta, bafungie bote mule." Halafu mmoja anaongeza na mahali penyewe: "Si kuko Nyankunde? Kule kuko nafasi, kuko hopitali tayari, kuko kimya." Wengine wanaweka kidole juu. Usiku unaingia, watu wanalala.

Wazo hilo bado halina karatasi. Ndiyo sababu tunalijibu sasa, kabla halijapata karatasi, muhuri na bajeti. Katika nchi hii jambo likishapata muhuri, wananchi wanaitwa tu kupiga makofi.

Mimi ni mtoto wa Nyankunde. Ninasema hapana. Sisemi hapana juu eti hatutaki wagonjwa kwetu. Nyankunde imepokea wagonjwa tangu babu zetu. Ninasema hapana juu wazo hilo halikufikiriwa kwa ajili ya wagonjwa. Limefikiriwa kwa ajili ya macho yetu, ili yasiwaone tena. Na mahali mnapotaka kuwaficha ndipo mahali ambapo tunajua, kuliko mahali pengine pote Ituri, nini kinampata mgonjwa asiyeweza kukimbia.

Kwa wale wasiopafahamu: Nyankunde iko kilometa kama 45 kutoka Bunia, upande wa kusini-magharibi, sheferi ya Andisoma, teritwari ya Irumu. Katikati ya miaka ya 1960, baada ya vita vya Simba, makanisa na wamisioni kadhaa waliunganisha nguvu na kujenga hapo kituo cha afya ambacho sisi tunakiita CME. Munganga Carl Becker, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Oicha, alikuwa mmoja wa walioanzisha. Kulikuwa upasuaji, shule ya wauguzi, uwanja wa ndege ndogo, stoku ya dawa iliyolisha vituo vya mbali. Watu walisafiri siku nyingi kuja Nyankunde. Ukisema jina hilo, mtu alielewa: kule wanaponya.

Tarehe 5 Septemba 2002 watu wenye silaha waliingia. Mimi nilikuwa na miaka miwili, nilibebwa mgongoni. Ninayoyajua niliambiwa na mama, na mama haongei mingi juu ya siku zile. Sitataja kabila lolote hapa. Kila mtu wa Ituri anajua nani aliwinda nani, na anajua pia kwamba siku chache kabla watu wengine walikuwa wameuawa Songolo. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2003 kwamba waliouawa Nyankunde katika siku kama kumi walikuwa angalau 1,200. Kati yao kulikuwa wagonjwa waliouawa ndani ya hospitali, kwenye vitanda vyao.

Sasa tuulizane. Walioingia chumba kwa chumba wakitafuta watu wa kuua, walikuwa wazimu? Hapana. Walikuwa na makamanda. Walikuwa na mpango, risasi na watu wa kubeba mali waliyopora. Akili zao zilikuwa nzima kabisa.

Na msiniambie hayo ni ya zamani. Februari 2022, kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo, huko Djugu: zaidi ya watu 60 waliuawa usiku. Machi 2024, hospitali ya Drodro ilishambuliwa na kuporwa, mgonjwa akauawa kitandani. Tena kitandani. Miaka zaidi ya ishirini imepita na bado kitanda cha hospitali Ituri si mahali salama. Na hata siku hizo mbili, hakuna mgonjwa wa akili aliyeongoza shambulio.

Kwa hiyo mtu akiniambia "hospitali ya usalama", ninamuuliza: usalama wa nani, dhidi ya nani? Nitawaonyesha mambo yanavyokuwa. Mmejenga ukuta wenu Nyankunde. Milango ni ya chuma. Ndani mmefungia watu mia. Usiku mmoja risasi zinaanza kulia upande wa mlima, kama tunavyozijua. Mlinzi anakimbia, na mimi simlaumu, ana watoto. Ufunguo uko kwa nani? Mwaka 2002 aliyeweza kutembea alitembea. Aliyefungiwa atatembea namna gani?

Mnaotaka ukuta, jibuni kwanza swali hilo moja la ufunguo.

Kuna somo lingine la mwaka 2002, na hili ni la faraja kidogo. Hospitali ya Nyankunde ilihama. Haikuhama kwa mradi wala kwa utepe wa kukatwa. Wauguzi, waganga, wanafunzi, wagonjwa na familia walitoka kwa miguu, wakapita porini siku nyingi mpaka Oicha, zaidi ya kilometa mia. Waliodhoofika walisukumwa na kubebwa. Baadaye kazi ilianza tena Beni, na CME Beni iko mpaka leo. Nyankunde yenyewe ilifunguka tena kidogo kidogo, mpaka ikawa hospitali tena.

Majengo yalibaki nyuma, yameporwa hadi milango. Mashine zilipotea. Lakini hospitali haikufa, kwani waliotembea pamoja walikuwa muuguzi na mgonjwa wake. Ndiyo maana sisi wa Nyankunde hatudanganyiki kirahisi na maneno ya "eneo jipya". Tunajua eneo ni kitu cha mwisho. Cha kwanza ni nani anamshika mgonjwa mkono, na ana dawa gani mfukoni.

Tutazame waliohamisha wagonjwa wa akili bila kujua hilo. Afrika Kusini ni nchi tajiri kuliko yetu mara nyingi. Mwaka 2015 serikali ya jimbo la Gauteng iliamua kuwatoa wagonjwa zaidi ya 1,300 kwenye vituo vya Life Esidimeni. Walisema ni kwa ajili ya kupunguza gharama, na kwa ajili ya kuwarudisha karibu na jamii. Wagonjwa wakagawanywa kwa mashirika madogo ambayo, uchunguzi ulionyesha baadaye, hayakuwa na leseni halali. Wengine walipakiwa kwenye magari ya wazi. Familia zilizunguka zikiuliza: mtoto wetu mmemuweka wapi? Watu 144 walikufa: njaa, kiu, baridi, kukosa dawa. Mwaka 2018 jaji mstaafu Dikgang Moseneke aliamuru serikali ilipe familia fidia.

Soma vizuri hapo, juu hadithi hiyo inatukata pande zote mbili. Wale hawakutumia maneno ya ukuta. Walitumia maneno matamu kama ya kwetu sisi wanaharakati: jamii, karibu, nyumbani. Na watu walikufa. Kwa hiyo hatuji hapa kuuza neno tamu badala ya ukuta. Neno bila muuguzi na bila dawa linaua pia. Tofauti ni kwamba linaua kimya zaidi.

Halafu kuna nchi za jirani zilizojenga nyumba kubwa za wagonjwa wa akili. Nairobi wana Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910 wakati wa wakoloni. Dodoma wana Mirembe ya mwaka 1927, na pembeni Isanga kwa waliofanya makosa ya jinai. Uganda walihamisha wagonjwa wao kutoka Mulago kwenda Butabika mwaka 1955, nje ya Kampala. Sitasema hakuna anayepona kule. Wanapona wengi, na wafanyakazi wake wanastahili heshima. Lakini angalieni mambo mawili. La kwanza: ukuta hauzuii unavyofikiri. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari kwa mara moja, katikati ya Nairobi, penye polisi na taa. La pili: majina ya mahali yamegeuka matusi. Mtanzania akitaka kumtukana mwenzake anamwambia aende Mirembe. Mganda anasema Butabika. Watu wanacheka.

Mnataka Nyankunde iwe hivyo? Jina ambalo mama mjamzito wa Mambasa alilitaja akiwa na tumaini, liwe neno la kumtukania mtoto shuleni? Wametuua, wametupora, jina hilo ndilo tulilobakiwa nalo. Hatulitoi.

Sasa mtasema: sawa, mwanaharakati, umeongea vizuri, lakini wagonjwa wafanyiwe nini? Ni swali la haki. Nitalijibu kwa mambo mawili ninayoyajua.

La kwanza ni ukoma. Ulizeni wazee wa Oicha. Kulikuwa pale kijiji kikubwa cha wenye ukoma, maelfu ya watu. Wakati ule kila mtu aliamini mwenye ukoma lazima akae mbali. Hata Biblia walimsomea. Halafu vidonge vikapatikana. Leo mwenye ukoma anapewa dawa kwenye kituo cha afya cha kijijini kwake, anameza nyumbani, analima shamba lake. Wagonjwa ni walewale wa jana. Dawa ilipokaribia, sababu ya kuwaweka mbali ikaisha yenyewe.

La pili ni mwenzangu wa darasa. Tulisoma naye sekondari. Familia yao ilikimbia Djugu, wakaishi kambini chini ya turubai, na huko akaanza kusikia sauti. Alikuwa anasimama usiku na kujibu watu ambao sisi hatukuwaona. Siku moja alimpiga jirani. Walimpeleka kasho, alikaa huko na wezi, akapigwa. Wakamtoa, wakampeleka chumba cha maombi. Alifungwa mnyororo mguuni, siku za kufunga bila kula. Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Aliamini. Mama yake naye aliamini, juu hakuna mtu mwingine aliyempa mlango mwingine.

Mwishowe muuguzi mmoja, kwenye kituo kidogo, alimwangalia na kusema: huu ni ugonjwa, una dawa. Akaanza kumchoma sindano, moja kwa mwezi. Moja tu. Baada ya miezi michache kijana alirudi kufyatua matofali. Alinidai pesa yangu ya kadi ya simu niliyomkopa, nikajua huyu amepona kweli.

Halafu sindano ilikosekana. Miezi mitatu. Kituo kilisema hakuna stoku, mradi umeisha. Sauti zikarudi, na yeye akarudi barabarani. Pengine ni yeye mliyemuona kwenye ile video mnayotumiana.

Basi tuseme ukweli. Aliyemtoa yule kijana matofalini na kumrudisha barabarani si shetani, wala si kukosa ukuta. Ni chupa ndogo ya dawa iliyokosekana kwenye kabati. Mnataka kujenga ukuta wa mamia ya elfu ya dola ili kuziba pengo la chupa ndogo hiyo.

Na hata hatujui kutofautisha wagonjwa wenyewe. Mwenye kifafa tunamuita wazimu. Huko Mahagi, zoni ya afya ya Logo, watafiti wameonyesha watoto wengi wenye kifafa mahali ambapo kuna ugonjwa wa onkoserkozi, ule unaoletwa na inzi wadogo wa mitoni. Dawa ya kuukinga, ivermectin, inagawiwa mara moja au mbili kwa mwaka. Dawa za kifafa ni kati ya dawa za bei ndogo duniani. Huyo mtoto naye mtamfungia Nyankunde? Na mwanamke aliyebakwa njiani kutoka shambani, asiyelala tena na asiyeongea? Na mwanajeshi aliyerudi kutoka mstari wa mbele, anaruka akisikia mlango unafungwa? Ituri imepigwa tangu 1999. Mkitaka kuweka kila kichwa kilichoumia nyuma ya ukuta, mzungushe jimbo zima.

Nitajibu pia wale wanaosema: "Lakini kuko bengine ba hatari kweli." Ndiyo, wapo. Hatutafanya kama hawapo. Mama aliyevunjwa mkono sokoni akiuza maharagi yake ana haki ya kusikilizwa, na hakuna mwanaharakati mwenye haki ya kumwambia anyamaze. Kuna mgonjwa ambaye kwa siku kadhaa, au wiki kadhaa, anahitaji mlango unaofungwa na watu wanaojua kumshika bila kumvunja. Mlango huo uwe na vitanda vichache. Uwe ndani ya hospitali kuu, karibu na famasia, karibu na munganga wa zamu, mahali mama yake anaweza kumletea ugali. Uwe na karatasi ukutani: nani ameingia, kwa amri ya nani, ataangaliwa tena tarehe gani. Na ufunguo uwe na watu wawili, usiku na mchana. Mlango wa namna hiyo tunaukubali. Tunachokataa ni mlango unaofungwa mbali, bila tarehe ya kufunguliwa.

Umbali si jambo dogo. Anayetoka Bunia kuja Nyankunde anapita vizuizi, na kila kizuizi kina mkono ulionyooshwa. Mama anayeuza samaki kavu Mudzi Pela ataenda mara ngapi kwa mwaka kumuona mwanawe? Mara ya kwanza ataenda. Ya pili atakopa. Ya tatu atatuma salamu. Baada ya hapo mgonjwa hana tena ndugu wa kuuliza kwa nini amekonda. Life Esidimeni ilianza hapo hapo: watu walikufa mahali ambapo hakuna ndugu aliyekuwa anachungulia.

Sasa niongee na vijana wa kwetu, juu najua wengine mmekunja uso. Kuna wenzangu wa Nyankunde wanasema: "Acha waje bajenge. Sisi tutapata kazi." Ninawaelewa kuliko mnavyofikiri. Nina diplome ya chuo kikuu, saikolojia, na ninauza kadi za simu chini ya mwavuli. Nimepeleka barua za kuomba kazi hata nimeacha kuhesabu. Kazi ninaitaka. Lakini angalieni ni kazi gani tutapewa kwenye ukuta huo: kubeba simenti miezi sita, halafu kushika fimbo mlangoni. Wale waliosoma kuponya watageuka walinzi wa watu wasioponywa. Na simenti ikiisha, mkandarasi anarudi Kinshasa, sisi tunabaki na jina.

Ituri ina vijana waliosoma uuguzi na saikolojia wanaokaa nyumbani. Wakati huohuo kila mkutano wa afya tunasikia wimbo mmoja: hakuna wafanyakazi. Shirika la Afya Duniani tangu 2008 lina programu ya kufundisha wauguzi wa kawaida kutambua na kutibu magonjwa ya akili kwenye vituo vya kawaida, bila kungoja daktari bingwa atoke Kinshasa. Mafunzo yenyewe ni ya siku chache, na usimamizi wa karibu baadaye. Watu wapo na mwongozo upo. Kinachokosekana ni mwenye madaraka wa kukaa chini na kusaini mshahara na stoku.

Na kwa nini hasaini? Juu ukuta unaonekana. Ukuta una jiwe la msingi, utepe, picha, hotuba. Ukuta una fakitura kubwa, na fakitura kubwa ina mifuko mingi ya kupitia. Sindano ya kila mwezi haina utepe. Hakuna mkuu anayepigwa picha akifungua kabati lenye dawa za kutosha mwezi wa tisa.

Kijana wa nchi nyingine angeuliza: wabunge wenu wa jimbo wanasema nini? Sisi tangu Mei 2021 tuko chini ya hali ya dharura. Gavana ni mwanajeshi, na bunge la jimbo limewekwa kando. Tuliambiwa ni kwa ajili ya usalama. Mnaona neno hilo linavyofanya kazi? Linamfunga mgonjwa, linafunga na mdomo wa mwananchi, halafu usiku wauaji wanapita. Lakini Katiba haikulazwa kando. Kifungu cha 47 kinasema haki ya afya inahakikishwa. Kifungu cha 49 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa namna inayolingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya utu. Haikuandikwa "isipokuwa wale wa sokoni Bunia".

Kwa hiyo sisi vijana tunadai hivi:

1. Mradi wowote wa kuhamisha au kujenga hospitali ya wagonjwa wa akili Ituri utangazwe hadharani kabla ya jiwe la kwanza: bajeti, mahali, mkandarasi, na jibu la swali la ufunguo.

2. Kabla ya ukuta, dawa. Kila zoni ya afya iwe na stoku ya dawa za magonjwa ya akili na za kifafa isiyokatika, na orodha ya stoku ibandikwe mlangoni kila mwezi ili kila mtu aisome.

3. Kila hospitali kuu ya zoni iwe na vitanda vichache vya wagonjwa wa akili na wauguzi waliofundishwa. Vijana wenye diplome walioko nyumbani waajiriwe, walipwe.

4. Mgonjwa wa akili asilale kasho. Polisi akimkamata, ampeleke hospitali siku hiyohiyo.

5. Wachungaji na waombaji: ombeni, hatukatazi. Lakini mnyororo utoke, chakula kiingie, na muuguzi aruhusiwe kuingia. Mungu hashindwi kusikia maombi ya mtu aliyekula.

6. Mgonjwa akihamishwa popote, familia ijue anaenda wapi, na nani, na anarudi lini. Jina lake liandikwe, na faili lake lisafiri naye.

Na ninyi munaosoma, mna kazi mbili ambazo hazingoji Leta. Ya kwanza: acheni kutuma zile video. Yule mnayemcheka ana mama yake, na mama yake ana simu. Ya pili: nendeni kwenye kituo cha afya cha mtaa wenu wiki hii, watatu au wanne, muulize kwa adabu: dawa ya kifafa iko? Sindano ya wagonjwa wa akili iko? Imekosekana tangu lini? Andikeni jibu, tarehe na jina la mtaa, mtutumie. Msiandike jina la muuguzi. Naye anateseka kama sisi. Tukikusanya majibu ya mitaa yote, tutayapeleka kwa wakuu wa afya wa jimbo mkono kwa mkono, kwa amani, na tutayachapisha hapa.

Mama aliniambia kitu kimoja tu kuhusu ile njia ya kwenda Oicha. Alisema kulikuwa na mtu mmoja ambaye kabla ya vita kila mtu alimjua kuwa kichwa chake hakiko sawa. Njiani alibeba watoto wa watu. Aliweka huyu chini, akarudi nyuma kumchukua mwingine. Hakuna aliyemuuliza kama ni mzima. Walifika pamoja.

Huyo ndiye mnayetaka kumzungushia ukuta, kwenye kijiji kilekile alichotoka akiwa amebeba watoto wetu.

Hapana. Si Nyankunde, si kwa jina letu.

Vijana wa Nyankunde na Bunia, kwa amani na bila woga.